Aliyebeba Nguo

Nilikuwa na miaka saba hivi. Tulikaa Tanga, Ngamiani, barabara ya kumi na nne, na mama alikuwa amekosana na shoga yake wa tangu utotoni. Kisa chenyewe sikukijua wakati ule, na hata leo nimepewa nusu tu. Asubuhi moja akatoa kabatini doti mpya ya kanga, bado ina dondo, akaikunja, akaizungushia gazeti, akanipa. "Mpelekee. Akikuuliza kitu, mwambie hujui." Nikaenda nayo kifuani, ndala zikinipiga visigino. Yule mama aliifungulia palepale mlangoni. Akaikunjua mpaka akafika kwenye jina, akasoma kimya kimya: "Nilikudhani dhahabu kumbe adhabu." Hakutukana wala hakulia. Aliikunja upya, pindo juu ya pindo, akaingia ndani na kurudishia mlango. Ikapita miaka mingi hawaendeani.

Nimekuja kuikumbuka siku hiyo ukubwani kwa njia ambayo sikuitarajia. Nilianza kusoma hadithi za Wagiriki wa kale, zile ambazo walimu wa fasihi huziita visasili, na nilizianza kivivu, kama mtu anayewasha tamthilia ya Kituruki ili apate usingizi. Usingizi haukuja. Zeus, mkuu wa miungu, peke yake anatosha kukukesha: kwa Europa anakwenda kama fahali, kwa Leda kama bata maji, kwa Danae anashuka kama mvua ya dhahabu. Halafu angalia nani analipa. Io anageuzwa ng'ombe na kuzungushwa dunia nzima akiumwa na nzi. Callisto anageuzwa dubu. Mwenye kosa anarudi zake Olympus kula na kunywa.

Lakini iliyonikalisha kitako ni ya Philomela, kwa sababu humo ndani niliikuta doti ya mama.

Anayeisimulia kwa urefu ni Ovid, mshairi wa Kirumi aliyezikusanya hadithi nyingi za Kigiriki katika utenzi mmoja mrefu. Mfalme Tereus wa Thrace ameoa Athens, mkewe anaitwa Procne. Mwaka wa tano wa ndoa Procne anamwomba mumewe amletee nduguye, Philomela, amemkumbuka mno. Tereus anapanda merikebu. Mkwewe, mzee Pandion, anamkabidhi binti huku analia, anamsihi amlinde kama baba. Wanapofika Thrace shemeji mtu hampeleki Philomela kwa dada yake. Anampeleka kwenye kibanda katikati ya msitu, na huko anambaka.

Philomela hanyamazi. Anamwambia: nitasema. Nikipata njia nitasema mbele za watu, na ukinifungia humu msituni nitaujaza msitu, mawe yatanisikia. Basi Tereus anauvuta ule ulimi kwa koleo na kuukata kwa upanga. Ovid hakuachii upumue. Anasema ulimi ulibaki chini ukitetemeka kama mkia wa nyoka uliokatwa, ukijaribu kuifikia miguu ya mwenyewe. Tereus anarudi nyumbani na machozi ya kujipaka, anamwambia mkewe kwamba nduguye alifariki. Procne anavaa nyeusi na kujenga kaburi lisilo na mtu.

Mwaka unapita. Mlangoni kuna mlinzi, kuta ni za mawe, mdomo hauna kitu. Kilichopo ni mtambo wa kufumia. Philomela anatega uzi mweupe, na juu yake anafuma kwa uzi wa zambarau yale yote aliyotendewa. Akimaliza anaikunja nguo, anampa mwanamke mmoja anayemhudumia, anamwomba kwa ishara za mikono aipeleke kwa malkia. Na yule mwanamke anaipeleka, anasema Ovid, asijue amebeba nini.

Ni maneno machache tu katika shairi refu. Mshairi hakumpa mwanamke yule jina. Hakusema kama alipigwa ilipogundulika, wala alitoka wapi, wala alikuwa na umri gani. Mimi niliposoma pale niliweka kitabu magotini. Nilijua uzito wa kifurushi kile. Nilijua na lile agizo: akikuuliza kitu, mwambie hujui.

Procne anaikunjua nguo, anasoma, na hasemi neno. Yanayofuata nitayapita haraka kwa sababu nina watoto. Madada wawili wanamuua Itys, mwana wa Procne na Tereus, wanampika, wanamlisha baba yake. Tereus anawakimbiza na upanga, na wote watatu wanageuka ndege. Warumi baadaye waliwabadilishia madada hao ndege, ila kwa Wagiriki ni Philomela asiye na ulimi aliyegeuka mbayuwayu, maana mbayuwayu haimbi, analialia tu kwa sauti zilizokatikakatika. Kila mwisho wa mwaka mbayuwayu wa Ulaya hushuka mpaka kwetu kukimbia baridi. Nikiwaona wamejipanga kwenye nyaya za umeme huwa nawasikiliza.

Sophocles aliwahi kuitungia hadithi hii tamthilia, ikapotea, lakini Aristotle alitubakishia maneno machache kutoka humo: sauti ya chombo cha kufumia. Mpwani gani atahitaji kuelezwa maana yake?

Tangu hapo nikawa naitafuta nguo kila ninapofungua hadithi zao, na ipo kila mahali. Katika Iliad, utenzi wa Homer wa vita vya Troy, Helen anapotokea kwa mara ya kwanza yuko chumbani anafuma nguo pana ya zambarau, na anachokifuma ni vita vyenyewe vinavyopiganwa nje kwa ajili yake. Wanaume wanauana, yeye anaandika. Arachne, msichana wa Lydia, baba yake mtia rangi nguo, anashindana kufuma na mungu Athena. Athena anafuma miungu imekaa kwenye viti vya enzi. Arachne anafuma mashtaka: Europa na fahali, Leda na bata maji, Danae na ile mvua, kisa baada ya kisa, kila kimoja na mhalifu wake. Athena anaikagua kazi na haoni kasoro. Basi anaichana, kisha anampiga msichana kwenye paji la uso kwa kile chombo cha kufumia. Arachne anajitia kitanzi, na mungu anamgeuza buibui. Nikifikiri kwamba kwa Kiswahili buibui ni mdudu na pia ni vazi jeusi ambalo bibi zangu walijifunika kutoka utosini, nacheka peke yangu, kisha nanyamaza.

Huyu Athena amenisumbua. Mwanamke mwenye akili na nguvu kuliko wote, mlinzi wa wafumaji, na kila kukicha yuko upande wa wanaume. Hapa niseme jambo kuhusu Medusa, kwa kuwa mitandaoni watu wanalirahisisha mno. Husemwa kwamba Wagiriki walisimulia jinsi Medusa alivyobakwa na Poseidon, mungu wa bahari, hekaluni kisha Athena akamwadhibu yeye. Hesiod, Mgiriki wa karibu mwaka 700 K.K., anasema tu kwamba Poseidon alilala naye kwenye majani laini, kati ya maua. Aliyeliingiza hekalu, na nguvu, na mungu aliyejifunika macho kwa ngao kisha akamgeuza mhanga nywele kuwa nyoka, ni Ovid, Mrumi, miaka mia saba baadaye. Ovid huyo huyo mwaka 8 B.K. alifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Augustus na hakurudi tena. Alifia kwenye baridi ya pwani ya Bahari Nyeusi. Ya kuadhibiwa na wakubwa alikuwa anayaelewa. Kwa hiyo tukiwashitaki Wagiriki, tuwashitaki kwa yao.

Na yao yanatosha. Athena hana mama, au tuseme mama yake alimezwa: Zeus alimmeza Metis akiwa na mimba, na mtoto akatokea kichwani kwa baba. Mwaka 458 K.K., mbele ya watu wa Athens, mtunzi Aeschylus aliweka jukwaani kesi ya Orestes aliyemuua mama yake, Clytemnestra. Mungu Apollo anasimama kumtetea kwa hoja kwamba mama si mzazi, anatunza tu mbegu aliyopandwa. Kura zinalingana, na Athena ameitupa yake kwa Orestes, akieleza kwamba hakuna mama aliyemzaa na katika mambo yote, isipokuwa ndoa, yuko na wanaume. Kesi imekwisha. Hakuna anayekumbuka kwamba Clytemnestra alimuua mumewe kwa sababu mume huyo alimdanganya binti yao Iphigenia kwamba anakwenda kuolewa, akamchinja ili apate upepo wa kusafiria vitani. Aeschylus mwenyewe anakumbuka, namheshimu kwa hilo. Anasema walimnyanyua juu ya madhabahu kama mbuzi na kumziba mdomo, asije akaulaani ukoo.

Kuna kisa kingine kuhusu kura, hakijulikani sana, nacho kimehifadhiwa na Augustino, askofu wa Hippo, Algeria ya leo, aliyekitoa kwa Mrumi Varro. Zamani hizo mji ulikuwa unachagua mlinzi wake, Poseidon au Athena, na wanawake nao walipiga kura. Wanaume wote wakamchagua Poseidon, wanawake wote Athena, na wanawake walikuwa wamezidi kwa mmoja. Poseidon akakasirika, akaifurikisha nchi. Ili kumtuliza, wanaume wakawapa wanawake adhabu tatu: wasipige kura tena, mtoto asiitwe kwa jina la mama, na wao wenyewe wasiitwe Waathene. Huyo mungu waliyemchagua akaupa mji jina lake na akakaa kimya.

Pandora nimpitie tu. Hesiod anasema aliumbwa kwa udongo kama adhabu kwa wanaume, wakati huo wakiishi bila wanawake na bila maradhi, akapambwa na miungu wote, na Hermes akamtia ndani akili ya mbwa na tabia ya wizi. Lile sanduku ambalo husemwa alilifungua na kuyaachia maovu, hakuwa nalo. Alikuwa na kasiki la kuhifadhia nafaka au mafuta. Sanduku ni kosa la tafsiri lililoenezwa na Erasmus katika karne ya 16. Kwa hiyo yule mwovu mkuu alikuwa mama wa nyumbani aliyefunua chombo cha ghala.

Medea, yule wa tamthilia ya Euripides, naye anahitaji makala yake. Nitataja moja tu, maneno yake kwa wanawake wa Korintho, kwamba mwanamke hutoa mali nyingi kununua mume, kisha mume anakuwa bwana wa mwili wake, na kwamba yeye angechagua kusimama vitani mara tatu kuliko kuzaa mara moja. Kwao mali ilitoka upande wa mke kwenda kwa mume, kinyume cha mahari yetu. Niliposoma hapo mara ya kwanza nilirudia mstari nikidhani nimekosea. Euripides aliyaandika hayo mwaka 431 K.K., mwanamume, na aliyeyatamka jukwaani ni mwanamume aliyevaa kinyago cha mwanamke. Katika mashindano ya mwaka ule walikuwa watunzi watatu. Alishika nafasi ya tatu.

Sasa Penelope, ambaye wote tunaambiwa tumpende, nami nampenda, lakini hadithi yake ndiyo iliyonivuruga.

Mumewe Odysseus ameondoka miaka ishirini. Waposaji 108 wamejaa ukumbini, wanakula mifugo yake na kumshurutisha achague mume. Anawaambia: nivumilieni nimalize kufuma sanda ya mkwe wangu Laertes, isije ikasemwa mzee mwenye mali kama yule amezikwa bila nguo. Mchana anafuma, usiku anafumua kwa mwanga wa mienge. Miaka mitatu anawachezesha hivyo. Katika kitabu cha kwanza cha Odyssey, utenzi mwingine wa Homer, anashuka kumwomba mwimbaji abadilishe wimbo, maana unamuumiza, na mwanawe Telemachus, kijana wa miaka ishirini hivi, anamwambia arudi juu kwenye mtambo wake wa kufumia. Kusema ni kazi ya wanaume. Penelope anapanda ngazi akilia. Mpaka hapo mimi na Penelope tuko pamoja.

Mwaka wa nne hila inagundulika. Aliyeitoboa ni mmoja wa wajakazi wake.

Neno hilo, wajakazi, nimelichagua kwa makusudi. Nasoma kwa Kiingereza, tafsiri mbili tatu kwa pamoja, na baadhi yake huwaita watumishi, kana kwamba wanalipwa mwisho wa mwezi. Nyumbani mwa Odysseus wako wanawake 50 wa namna hiyo, waliofunzwa, kwa maneno ya yaya mzee Eurycleia, kuchambua sufu na kuuvumilia utumwa. Yaani uzi wa ile sanda uliandaliwa na mikono yao. Kumi na wawili kati yao walilala na waposaji. Odysseus anaporudi na kujitambulisha, katika orodha ya makosa anayowasomea waposaji hao kabla ya kuwaua anasema: mlilala na wajakazi wangu kwa nguvu. Kwa nguvu. Amelisema mwenyewe kwa mdomo wake.

Na bado, baada ya kuua, anawaita wale kumi na wawili. Kwanza wanaamriwa kubeba maiti kuzitoa nje, zikiwemo za wale walioshiriki nao kitanda. Kisha waoshe meza na viti kwa maji na sponji mpaka damu itoke. Kisha wanasukumwa nje, kwenye pembe kati ya jengo la duara na ukuta wa ua. Odysseus alikuwa ameagiza upanga. Telemachus, yule kijana wa kusema ni kazi ya wanaume, anaona upanga ni kifo safi mno kwao. Anachukua kamba ya merikebu, anaifunga kwenye nguzo, anawatundika kwa mstari. Homer anasema walikuwa kama njiwa walionaswa wakirudi kulala, na kwamba miguu ilitikisika kidogo, si kwa muda mrefu.

Baadhi ya watafsiri wa karne ya 20 walimtilia Telemachus mdomoni neno "malaya" anapowataja. Kwenye Kigiriki pale, wanaokijua wameonyesha, kuna kiwakilishi cha kike tu: wale.

Mmoja tunamjua jina, Melantho. Penelope alimlea kama mwanawe, akampa vichezeo. Alimpenda, sina shaka. Kupenda kwenyewe ndiko kule kwa bibi mwenye nyumba anayesema, "Huyu ni kama mtoto wangu kabisa," huku mtoto huyo analala jikoni. Wakati wa kunyonga, Penelope amelala juu, usingizi ametiwa na Athena.

Alfajiri ya siku ya mauaji, kwenye kitabu cha 20, kuna mjakazi mwingine ambaye hata jina hana. Wako kumi na wawili kwenye mawe ya kusagia, wanasagia nyumba unga. Kumi na mmoja wamemaliza sehemu zao wamelala. Yeye ni mnyonge kuliko wote, bado anasaga. Ngurumo inapiga kwenye anga lisilo na wingu. Anasimamisha jiwe na kumwambia Zeus: wale watu wamenimaliza magoti kwa kuwasagia unga, leo na iwe karamu yao ya mwisho. Odysseus anasikia, anafurahi, kwake ni ishara njema. Utenzi hausemi kama kesho yake alisaga kidogo zaidi.

Nakubali sisi wa pwani hatuna haki ya kuwashangaa Wagiriki hapa. Unguja utumwa uliondolewa kisheria mwaka 1897, lakini masuria wakaachwa nje ya amri ile mpaka 1909. Mwanamke wa kitandani alihesabiwa ni mambo ya ndani ya nyumba. Mjakazi alivaa merikani au kaniki. Walipopata uhuru, wanawake wale waliikimbilia kanga, ndiyo iliyokuwa nguo ya mtu aliye huru. Kwa hiyo jina kwenye pindo, ninalojivunia hivi, nimeachiwa na watu ambao ingekuwa Ithaca, nyumbani kwa Odysseus, wangekuwa upande wa mawe ya kusagia.

Nilipokuwa naandika makala hii nilimpigia mama simu. Nilitaka kuhakikisha jina la ile kanga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiyo, lilikuwa hilo. Dhahabu kumbe adhabu." Akacheka. "Tulikuwa wajinga."

Nikamwambia naandika jinsi nilivyoipeleka, jinsi nilivyokuwa mdogo na kifurushi kifuani.

"Wewe hukupeleka."

"Nilipeleka mama. Nakumbuka mlango."

"Ulifuatana naye tu. Ningekupa wewe? Hata barabara ulikuwa hujui kuvuka. Alipeleka yule msichana wa kazi, wewe ukang'ang'ania kwenda. Tena alirudi analia, nikamuuliza umefanywa nini, hasemi."

Nikamuuliza anaitwa nani. Mama akanyamaza, nikasikia redio yake nyuma, na mtu anauza samaki uani.

"Alikuwa wa Lushoto," akasema. "Jina limenitoka."